Kabla ya Kupeleka Sukari, Muulizeni Mpishi

Kila Kwaresima jumuiya zetu ndogo ndogo hukusanya vitu na kwenda kuwatembelea wazee wanaoishi katika makao. Ni jambo jema, wala sisemi liachwe. Lakini tazameni mizigo inayoshushwa: sembe, sukari, soda, biskuti, sabuni. Mwaka hadi mwaka ni hivyo hivyo. Tunaonana na msimamizi, tunapiga picha na wazee, tunaondoka. Jikoni hatuingii. Maoni yangu ni kwamba mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa mpishi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 hapa Tanzania iliyafanya makao kuwa kimbilio la mwisho, familia ikiwa mlezi wa kwanza. Kwa hiyo anayefika huko mara nyingi ni yule asiye na mtu, naye huja na maradhi yake. Mmoja ana kisukari, wa pili ana presha, wa tatu amepooza upande mmoja, wa nne hana jino hata moja. Na sufuria ni moja.

Mzee hula kidogo, lakini chakula cha kujenga mwili anakihitaji kuliko tunavyodhani. Akikikosa, misuli ya miguu hupungua, huanguka, na mfupa huvunjika. Uji mweupe asubuhi, kisha ugali na mchicha mchana na jioni, humshibisha tu. Mpishi anayeijua kazi yake huosha dagaa mpaka mchanga utoke, huwakaanga bila mafuta, huwatwanga, na unga wake huunyunyizia katika mboga. Karanga huzitwanga na kuzitia katika uji. Maharage huyaloweka usiku kucha, huyachemsha mpaka yalainike, kisha huyaponda. Si mapishi ya gharama, ila yanataka mikono na muda, na mara nyingi jikoni yuko mtu mmoja na kuni mbichi.

Tena kuna chumvi. Ulimi wa mzee hauonji kama zamani, hivyo atalalamika kwamba chakula hakina ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate. Kitunguu, tangawizi, ndimu na nyanya zilizoiva husaidia sana, ingawa hawakosekani mabibi wenye pakiti yao ya chumvi chini ya mto!

Aliyepooza huweza kupaliwa na maji au uji mwepesi. Anatakiwa akae wima, alishwe polepole, na uzito wa uji wake upangwe na mganga.

Linalonisumbua zaidi ni saa. Katika makao mengine chakula cha jioni hutolewa saa 10, ili wafanyakazi wawahi kwenda nyumbani, na uji hutolewa saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 16. Kwa mzee anayechomwa insulini, sukari ya mwili inaweza kushuka usiku, akakutwa hajitambui. Kikombe cha maziwa na kipande cha kiazi kabla ya kulala kingeweza kumwokoa, lakini nani atajua ampe nani? Orodha ya wenye kisukari anayo muuguzi. Mpishi, anayelipwa kama kibarua, hajaonyeshwa. Naye ndiye anayeona sahani zikirudi zimejaa siku mbili kabla mtu yeyote hajasema kwamba babu fulani ni mgonjwa. Wasimamizi wa makao wampe orodha hiyo, na wamwite wanapojadili wagonjwa.

Nasi wa jumuiya, Kwaresima ijayo tutume mtu mmoja jikoni wiki moja kabla. Pengine ataambiwa mayai, dagaa, karanga, mafuta. Pengine ataombwa kinu, au vijana wawili wa kuosha sufuria siku ya Jumapili. Na aombe pia aonyeshwe stoo, aone sukari ya mwaka jana imebaki kiasi gani.