Chai ya artemisia haitoshi kuponya malaria

Msomaji, huenda nawe umeshauriwa na jirani kwamba ukishikwa na malaria usihangaike kwenda zahanati. Chemsha majani ya artemisia, unywe vikombe vitatu kwa siku, na homa itakwisha. Ukisitasita utaulizwa: kwani vidonge vya hospitali havitokani na mmea huo huo?

Ni kweli vinatokana nao. Artemisini, kemikali iliyomo katika majani hayo, ndiyo hugeuzwa kuwa artemetha, mojawapo ya dawa mbili zinazounda vidonge vya AL. Lakini hebu tutazame jinsi mmea unavyoitengeneza.

Juu ya jani la artemisia kuna vifuko vidogo mno, vya kuonekana kwa darubini. Humo mna vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemikali, kama zile za mate yako zinazoanza kusaga wanga wa ugali mdomoni. Kimeng'enya cha kwanza huchukua mnyororo wa kaboni 15, ambao hupatikana katika mimea mingi tu, na kuukunja uwe pete. Kingine hutia oksijeni. Kazi hupokezanwa hivyo kama kwa mafundi wa jua kali: huyu akate bati, yule alikunje, mwingine achomelee. Ajabu ni kwamba hatua za mwisho zadhaniwa hazina fundi. Mwanga na oksijeni ya hewani huzimaliza.

Kazi yote hiyo huzaa haba. Katika gramu 100 za majani makavu, artemisini mara nyingi ni kama gramu moja, au chini ya hapo. Kiasi hutegemea mbegu, shamba na wakati wa kuvuna. Mfuko ulionunua sokoni hausemi una kiasi gani, na muuzaji pia hajui.

Tena artemisini haiyeyuki vyema majini, na joto huidhuru. Mwanasayansi wa Uchina, Tu Youyou, alifanikiwa mwaka 1971 alipoacha njia ya kuchemsha akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nasi twairudia sufuria aliyoiacha!

Sisemi mitishamba ni upuuzi; ningekuwa mtovu wa shukrani. Ninalolalamikia ni kubahatisha dozi. Dawa haba huua vimelea dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, na tayari vimelea vinavyostahimili artemisini vimegunduliwa Rwanda na Uganda. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2019 wa kupinga chai na unga wa artemisia kwa malaria. Maafisa wetu wa afya nao wangetusaidia zaidi kama wangetueleza sababu hizi, badala ya kutukaripia tu.

Kwa mtoto mdogo, siku mbili za kungojea chai ifanye kazi zaweza kutosha malaria kupanda kichwani.

Basi ukipata homa, kapimwe kwanza. Ukiandikiwa AL, ni mara mbili kwa siku, siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, hata kama homa imekwisha siku ya pili.