Kinga ya mtoto haiuzwi kwenye chupa (sehemu ya 4)

Tangu shule zifunguliwe Januari, meseji ninazopokea zinafanana: "Nesi, mwanangu kila wiki mafua, nimpe dawa gani ya kuongeza kinga?" Na wengi mnanitumia na picha ya siro mliyouziwa, ina picha ya chungwa na mtoto anayecheka.

Nitasema wazi ninavyoona, hata kama wanaouza hizo siro watanuna. Mtoto anayekula chakula cha kawaida cha nyumbani na anayekua vizuri hahitaji siro ya kuongeza kinga. Anachohitaji, na ambacho wengi wetu tunamnyima bila kukusudia, ni usingizi.

Kwanza tutoe hofu. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida, hasa mwaka wake wa kwanza wa chekechea. Darasa lina watoto wengi, wanachangia penseli, vikombe na makamasi. Mafua yenyewe yanachukua wiki moja au zaidi kidogo, na kikohozi kinaweza kubaki wiki 2 au 3 hata baada ya mtoto kupona. Ukihesabu hapo unaona kwa nini unahisi "haponi". Anapona, ila anapata mengine. Hivyo ndivyo mwili wake unavyojifunza kuwatambua virusi.

Sasa turudi kwenye usingizi, maana hapa ndipo nina ugomvi na watu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 3 hadi 5, saa 10 hadi 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana. Haya, hebu tuangalie mtoto wa Dar anayechukuliwa na basi la shule. Anaamshwa saa 10 na nusu alfajiri, kwa sababu basi linaanzia mtaani kwao halafu linazunguka mji mzima. Jioni anarudi, homuwaki, tuisheni, anakula saa 3 usiku, tamthilia inaendelea sebuleni na yeye analala hapohapo kwenye kochi. Akilala saa 4 usiku amepata saa 6 na nusu. Kila siku ya shule anadaiwa saa 2 na nusu, ikifika Ijumaa deni ni zaidi ya saa 12. Halafu tunamnunulia siro!

Usingizi na mafua vina uhusiano kweli, si maneno ya bibi tu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwawekea watu wazima virusi vya mafua puani. Waliokuwa wanalala chini ya saa 6 waliugua kwa kiwango cha mara 4 hivi ukilinganisha na waliolala zaidi ya saa 7. Hao ni watu wazima. Mtoto ambaye bado anakua mahitaji yake ya usingizi ni makubwa zaidi.

Najua mtasema "nesi, sisi tuna chumba na sebule, mtoto atalala wapi?" Nawaelewa. Lakini tivii inaweza kupunguzwa sauti, na taa inaweza kuzimwa mapema. Chakula cha usiku cha mtoto kinaweza kuwa saa 12 jioni hata kama baba anakula saa 4. Mtoto wa kuamka saa 10 na nusu anatakiwa awe amelala saa 1 na nusu usiku ili afikishe hizo saa 9. Kama haiwezekani, basi tatizo si la nyumbani peke yake, lisemeni kwenye kikao cha wazazi. Kwenye vikao vingi tunajadili michango na sare mpaka jua linazama, hakuna anayeuliza kwa nini mtoto wa darasa la kwanza yuko barabarani na giza. Ombeni mabasi yagawanywe njia. Ombeni homuwaki ipungue kwa wadogo. Na akina baba mje, msituachie sisi.

Chakula nitasema kwa ufupi maana sehemu ya 2 tulikiongelea sana. Bei ya chupa moja ya siro mara nyingi inanunua mayai ya wiki nzima na dagaa juu. Dagaa, maharage, matembele, kipande cha papai au chungwa baada ya kula. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia mwili kupata madini ya chuma, kwa hiyo asubuhi mpe uji.

Tangawizi, limau na asali sina ugomvi navyo. Asali inatuliza kikohozi, ila aliye chini ya mwaka 1 asilambe hata kidogo, inaweza kumletea sumu ya hatari. Mafuta ya mwarobaini msimnyweshe mtoto kabisa, yameshadhuru watoto. Na ile amoksilini iliyobaki kwa jirani haitibu mafua, irudishieni huko.

Kitu kimoja cha kliniki naona kinasahaulika: chanjo ya surua na rubela ya miezi 18. Ya miezi 9 mnakuja, ya pili mnapotea. Surua ikimpata mtoto inafuta sehemu kubwa ya kumbukumbu ya kinga aliyokwisha kuijenga, anakuwa kama anaanza upya na magonjwa mengine. Hakuna mti shamba utakaomrudishia. Toa kadi kabatini leo, angalia.

Mtoto akipumua haraka au mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea sana, usisome posti yangu, nenda hospitali usiku huohuo. Homa nayo ipimwe malaria, usikisie. Na kama nimonia inamrudia, au uzito hauongezeki, huyo aonwe na daktari.

Sehemu ya 5 ni ya minyoo na vyoo vya shule. Wakati mnasubiri, niandikieni hapo chini: wa kwenu anaamka saa ngapi, na jana alilala saa ngapi? Andikeni ukweli tu.