Kompyuta ihesabu seli zetu, lakini tuione ikihesabu

Nambari 200 ina uzito kliniki. Tangu 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anayeishi na HIV akiwa na seli za CD4 chini ya 200 kwa maikrolita moja ya damu, basi ugonjwa umefika hatua ya juu. Huyo atafutiwe haraka kifua kikuu na kuvu wa kriptokokasi anayeshambulia ubongo. Mwenye 190 anaingia kwenye mpango huo. Mwenye 210 huenda akarudi kwake Kiminini na dawa zake za kawaida. Sasa, nani alihesabu?

Kwenye mashine ya sitometria, damu huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi zinazong'aa. Kisha seli hupita moja moja mbele ya mwale wa leza, maelfu kwa sekunde, na kila seli huacha nukta kwenye skrini. Nukta zinazofanana hukusanyika kama wingu, naye mtaalamu wa maabara huchora mpaka kulizunguka: hizi ndizo, hizi sizo. Shida ni kwamba mawingu hugusana. Wape wataalamu wawili wazoefu damu ile ile na huenda wakachora mipaka tofauti.

Ndiyo maana naunga mkono kazi hii ipewe kompyuta. Na CD4 ni ile rahisi. Ukitafuta aina ya saratani ya damu kwa mtoto kwa kutumia rangi nane, kuna jozi 28 za picha unazoweza kukagua. Macho huchoka. Programu kama FlowSOM, iliyotolewa 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, huzigawa seli kwa rangi zote kwa mpigo, na ni ya bure. Mwanafunzi wa Kibabii mwenye laptopu ya kawaida anaweza kuishusha leo jioni.

Tena si ati mambo ya kujihesabu ni mageni kwetu. Mashine ndogo ya FACSCount imetumika sana Afrika kuhesabu CD4. Unaweka damu, inachora mipaka yake yenyewe, inatema karatasi yenye jibu. Imesaidia watu wengi, sikatai. Lakini huwezi kubishana na karatasi. Ninachohofia ni programu hizi mpya, zenye akili zaidi, kutufikia kwa mtindo huo huo: sanduku lililofungwa, mtaalamu wetu anabaki kubonyeza kitufe.

Na damu yetu ina mambo yake. Iliyochukuliwa Endebess au Chwele huenda ikasafiri kwanza kabla ya kupimwa, na damu ikikaa, mawingu yale huanza kutawanyika. Programu iliyofunzwa kwa damu mbichi ya Ulaya haijui barabara ya kutoka Endebess. Malaria kali nayo, ambayo watu wa Bungoma hawahitaji kuelezwa, huweza kushusha CD4 kwa muda. Halafu kuna utafiti wa Kericho uliochapishwa 2008: vipimo vya damu vya watu wazima wenye afya huko havikulingana vyote na viwango vya Marekani tunavyovikuta vitabuni. Kericho si mbali na sisi hivyo.

Kwa hivyo kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zikinunua mashine ya aina hii, au zikipewa na mfadhili (hapo ndipo huwa tunasaini bila kusoma), mkataba useme faili yenye nukta zote inabaki kwetu na wataalamu wetu wanaweza kuifungua na kuhamisha mpaka. Majina ya wagonjwa yaondolewe, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo.

Kuna watakaosema hii ni njama ya kuwafuta kazi watu wa maabara. Mimi naona kinyume. Programu ikiwa wazi, mtu wa maabara ndiye mwalimu wake. Ikiwa imefungwa, ndipo hana kazi. Na vijana waliosomea kompyuta Kibabii, ambao wengi wao wanaunda tovuti za maduka wakingoja ajira, wana kitu cha kufanya naye. Waketi meza moja. Yeye aonyeshe kwa nini wingu hili ni la seli zilizokufa njiani, wao waandike namna ya kuifunza programu hivyo.

Hakuna haja ya kuanza na kila kitu. Waanze na sampuli zilizoangukia kati ya 150 na 250. Kila mwezi wataalamu wawili wachore mipaka kwa mkono, kila mmoja peke yake, kisha majibu yao yawekwe kando ya jibu la programu. Zikipishana na mgonjwa yuko karibu na 200, apigiwe simu arudi kupimwa tena.