Bei ya Kumchoma Mbwa

Msomaji anisamehe kwa kuanza na mbwa. Najua ziko nyumba nyingi katika nchi yetu ambamo mbwa havuki kizingiti, na wapo majirani zangu Waislamu ambao wakiguswa na ulimi wake hawana budi kujitahirisha kabla ya sala. Mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa alilala uani akala makoko ya ugali. Basi naomba nieleweke mapema: sikuja kuhubiri mapenzi ya mbwa. Nimekuja kusema juu ya bei, juu ya saa ambayo bei hutajwa, na juu ya watu wanaonufaika isipotajwa.

Mwezi Juni 2023 nilikuwa Uingereza, katika mji wa Leicester, kwa binti yangu wa tatu ambaye ni muuguzi huko. Nyumbani kwake alikuwapo mbwa mmoja mweusi, umri miaka kumi na mmoja, kilo 33, jina lake Bahati. Mjukuu wangu wa mwisho alijifunza kutembea kwa kumshika manyoya. Siku moja Bahati aligoma kula, kesho yake akashindwa kuinuka. Daktari wa wanyama akampiga picha akakuta uvimbe kwenye bandama, nao umekwisha kupasuka. Shauri lilikuwa moja tu: apigwe sindano ya kumpumzisha.

Nilikuwamo chumbani. Binti yangu, ambaye kazini kwake ameona wafu wengi kuliko mimi, alikuwa akilia kama mtoto. Mjukuu alikuwa amekumbatia shingo ya mbwa. Ndipo akaingia mhudumu, msichana mpole wa sauti ya chini, na karatasi mkononi, akauliza swali moja: "Mngependa arudi nyumbani?"

Ndugu msomaji, litafakari swali hilo. Nani duniani, mbele ya mtoto anayelia, angejibu, "La, asirudi"? Binti yangu akaitika kwa kichwa, akatia sahihi. Baadaye, mezani kwa karani, ndipo tulipopewa ankara. Mstari mmoja ulisema: kuchoma na kurudisha majivu, pauni 295. Kwa viwango vya siku zile ni karibu laki tisa za Tanzania. Mstari wa pili ulikuwa wa kisanduku cha mbao, pauni 48, ambacho hakuna aliyekumbuka kukiagiza. Bei ya sindano ilikuwa mbali.

Nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka kumi na sita kabla ya kustaafu mwaka 2008. Katika miaka hiyo nimetia sahihi hati za malipo za maharage, za kuni, za chaki na za mabati. Wahasibu wangu wote walijua kwamba hati isiyo na mchanganuo haivuki meza yangu. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, nami nililiandika neno hilo ukutani mwa ofisi. Sasa nilikuwa nimesimama nchi ya watu, mbele ya mstari mmoja wa laki tisa usio na mchanganuo, na binti yangu ananivuta mkono akisema, "Baba, twende tu, tafadhali."

Tulikwenda. Lakini mwalimu hastaafu kichwani. Wiki iliyofuata nilimwomba mjukuu wangu mkubwa anisaidie kupiga simu, na tukajifunza yafuatayo, ambayo nayaandika kwa faida ya kila mtu aliye na ndugu huko, maana wapo wengi.

Kwanza, kumchoma mbwa kuna namna mbili. Iko ya pamoja, ambapo wanyama kadhaa huchomwa kwa mkupuo mmoja na majivu hayarudishwi kwa mtu. Iko ya peke yake, ambapo mnyama huingia tanurini peke yake na majivu yake hukusanywa kabla ya kuingizwa mwingine. Hii ya pili ndiyo iliyofichwa ndani ya lile swali tamu la kurudi nyumbani. Kwa mbwa wetu, ya pamoja ingegharimu pauni 85.

Pili, bei hufuata uzito, na hilo ni haki. Mbwa mkubwa hula gesi nyingi na kukalia tanuru muda mrefu zaidi. Sheria yao hutaka moshi ukae katika joto la nyuzi 850 kwa sekunde mbili walau, ili usitoke na sumu, na joto la namna hiyo halipatikani bure. Kinachobaki ni mifupa, nayo husagwa mpaka iwe unga wa kijivu. Mbwa wa kilo 33 harudi ila kama unga wa kujaa bakuli moja.

Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipochafuka, kliniki haikumchoma mbwa. Ilimweka katika jokofu, gari la wachomaji likapita kumchukua, basi. Tanuru lenyewe lilikuwa maili 14 kutoka pale. Wachomaji walitusomea bei zao kwenye simu bila kusita: mwenye mbwa akimleta mwenyewe, uzito ule, peke yake, pauni 180. Tofauti ni pauni 115. Tulikuwa na gari. Shemeji wa binti yangu alikuwa likizo. Tungempeleka Bahati wenyewe, tumefunga blanketi lake, na safari ile ingekuwa mazishi ya heshima kuliko jokofu. Hatukuambiwa kwamba inawezekana.

Nne, sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kumzika mbwa wake katika bustani ya nyumba yake mwenyewe. Binti yangu ni mpangaji, kwa hiyo ingebidi kumwomba mwenye nyumba. Pengine angekataa. Lakini kuombwa ni bure.

Nikiwa huko nilidhani ni bahati mbaya yetu sisi. Kumbe sivyo. Septemba 2023, miezi mitatu baada ya kifo cha Bahati, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilianza kuichunguza biashara nzima ya madaktari wa wanyama wa nyumbani. Machi 2024 ikasema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kliniki hazikuwa zimeweka bei zozote kwenye intaneti. Ikasema pia kwamba mwaka 2013 kliniki zilizokuwa mali ya makampuni makubwa zilikuwa kama asilimia 10 tu, na kufikia wakati ule zilikuwa zimekaribia asilimia 60. Uchunguzi huo uligusa pia uchomaji wa wanyama. Oktoba 2025 mamlaka hiyo ilitoa mapendekezo ya awali, na miongoni mwake ni kwamba kliniki zilazimishwe kutangaza orodha ya bei zao. Tazama jambo hili: nchi yenye mabunge ya karne nyingi ilifika mahali pa kufikiria kutunga amri ili mfanyabiashara aseme bei ya kitu anachouza. Mama muuza nyanya wa sokoni kwetu hufanya hivyo kila asubuhi bila amri ya mtu, kwa kupanga mafungu.

Najua majibu nitakayopewa, nami nitayajibu.

Wenye kliniki watasema: jokofu lina gharama, karani ana mshahara, karatasi ina kazi yake. Kweli kabisa. Basi iandikeni. Mstari wa kwanza, tanuru pauni 180. Mstari wa pili, kliniki pauni 115. Atakayeona pauni 115 ni halali atalipa, na atakayeona si halali ataleta gari. Gharama ya kweli haiogopi kuandikwa. Watasema pia kwamba si utu kumtajia mtu bei wakati analia. Hapo ndipo ninapokasirika hasa. Msipomtajia wakati analia, mmemtoza wakati analia. Kipi kati ya hivyo viwili ni utu? Mbwa yule alipelekwa kliniki ile miaka kumi mfululizo kwa chanjo. Mara kumi alisimama pale mzima, mkia unapigapiga. Siku mojawapo katika hizo ingetosha kumpa binti yangu karatasi yenye bei.

Jibu la pili litatoka kwetu wenyewe. Niliporudi na kusimulia habari hii barazani, ndugu yangu mmoja alicheka mpaka akakohoa. "Laki tisa! Kwa mzoga! Si angetutumia sisi?" Neno lenyewe alilotumia ni la Kiswahili sanifu: mnyama akifa ni mzoga, mtu akifa ni maiti, nami nimefundisha tofauti hiyo ubaoni. Lakini nilimwuliza, na namwuliza kila anayecheka: fedha ile ilikuwa ya nani? Ilitoka katika zamu za usiku za binti yangu. Wazungu si wa jana katika jambo hili. London ilikuwa na makaburi ya mbwa pembeni mwa Hyde Park tangu mwaka 1881. Wao wana desturi yao, na yeye anaishi kwao, analea watoto wao na wake. Mimi sigombi na alichonunua. Nagomba na namna alivyouziwa.

Tena tusicheke upesi. Tumeufumbia macho mtego huohuo mlangoni mwetu. Nenda jirani na hospitali yoyote kubwa uulize bei ya jeneza. Hakuna kibao. Fundi atakutazama viatu kwanza, kisha atazame gari ulilokuja nalo, ndipo akuulize, "Marehemu alikuwa nani kwenu?" Ukisema mama, bei imepanda. Na wewe hutabishana, kwa kuwa kubishana bei ya jeneza la mama yako mbele ya shangazi zako ni aibu usiyoweza kuibeba. Halafu yaje mahema, spika, picha za video na sare za wafiwa, kila kimoja kwa bei ya papo hapo. Nimeona familia zikiuza ng'ombe baada ya arobaini kulipa madeni ya siku tatu. Swali la fundi yule na swali la msichana mpole wa Leicester ni mtu na dada yake. Yote mawili hukamata moyo kwanza ili mfuko ufuate wenyewe.

Wala asidhani mtu kwamba nasifu kisicho na gharama. Mwaka mmoja, chuoni, mbwa wetu wa ulinzi alikufa kwa uzee. Mlinzi alinijia asubuhi akauliza, "Mkuu, tumpeleke wapi?" Nilikuwa na mkutano. Nikamjibu, "Mtupe." "Wapi, mkuu?" "Popote." Alimtupa nyuma ya uzio. Haikugharimu chuo hata senti tano, na kwa muda wa wiki nzima watoto wa shule ya msingi walipita njia ile wameziba pua kwa kola za mashati. Kwa mbwa kama yule kuna hofu ya kichaa pia, na wadogo hawana akili ya kutochokoza kwa kijiti. Gharama ilikuwapo. Mimi sikuilipa, wakalipa wao. Mbwa yule alikuwa amekilinda chuo usiku kwa usiku, miaka tisa. Sijapata kumsimulia mtu habari hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo nasema: anayemwuzia mfiwa ana deni la uwazi kubwa kuliko anayemwuzia bwana harusi. Bwana harusi ana miezi ya kuzunguka madukani, mfiwa ana dakika tano na macho yaliyojaa machozi. Na mnunuzi naye ana wajibu wake, nao ni kuuliza mapema. Wewe uliye ughaibuni na una mbwa, uliza leo, angali anabweka: kuchoma kwa pamoja ni kiasi gani, na peke yake ni kiasi gani? Nikimpeleka mwenyewe itakuwaje? Kisanduku ni lazima? Nitajuaje kwamba majivu ni yake? Swali hili la mwisho si langu. Kisanduku cha Bahati kilipofika, mjukuu wangu mdogo alikipima mikononi akaniuliza, "Babu, ni yeye kweli?" Nilisema ndiyo. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha.

Mimi nina mbwa mzee hapa nyumbani, anachechemea mguu wa nyuma. Nimekwisha kuelewana na kijana wa jirani: shimo chini ya mparachichi, kina cha kufika kifuani, shilingi elfu ishirini. Tulipatana uani mchana kweupe, mbwa mwenyewe amelala miguuni petu. Kijana aliona haya kidogo, akasema, "Mzee, mbona bado yupo hai?"

Nikamwambia ndiyo maana tunapatana leo.