Mfanyakazi Naye Aende Mombasa



Katika mkutano wetu hapa Ggaba lilizuka neno ambalo nusura litugawanye. Kijana mmoja mwanachama, ambaye kazi yake ni kuhudumia meza katika hoteli moja ya ufukweni, alisimama akauliza: hawa wageni tunaowapikia na kuwatandikia vitanda, wanatoa wapi pesa ya kusafiri na watoto wao mpaka nchi za watu? Na sisi, mbona hatufiki hata Mombasa? Wengine wakacheka. Mama mmoja anayekausha mukene pale mwaloni hakucheka. Alisema mtu anayedaiwa karo ya muhula uliopita, kisha anazungumza habari ya kwenda kuoga baharini, akapimwe kichwa. Hapo makelele yakaanza, na mwenyekiti akafunga mkutano kabla ya mengineyo.

Sisi wa kamati tumelifikiri neno hili na tumeona tuliandike hapa, kwa kuwa kijana ana haki na mama naye ana haki.

Ni kweli kwamba sisi wa Ggaba tunaishi karibu na likizo za wenzetu. Munyonyo ipo jirani. Mwaka 2007 walikuja wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Januari 2024 wakaja wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Kila Jumamosi wanakuja watu wa mjini kula samaki na kupanda boti. Sisi ndio tunaovua, tunaokaanga, tunaofua mashuka, tunaolinda magari. Starehe ya mwenzetu ndiyo kazi yetu. Hatulalamiki juu ya hilo, ndiyo riziki. Lakini mtu anayetandika kitanda cha mgeni mwaka mzima anastahili kuuliza kitanda chake yeye kitatandikwa lini.

Basi tujibu swali: wanatoa wapi pesa? Tumechunguza kwa macho yetu. Wapo ambao hawatoi kabisa. Mkubwa wa ofisi anatumwa semina Dubai au Nairobi, tiketi na chumba vinalipwa, naye anaongeza siku tatu zake na kumwita mkewe. Watoto wakirudi shuleni wanasema tulikwenda likizo ng'ambo. Hiyo si akiba ya familia, ni mfuko wa ofisi, na pengine ni mfuko wa umma. Tusijipime na watu hao.

Wapo wengine wanaokopa. Hapa tunataka tukae kidogo, maana msiba huu umeingia kwetu. Mwenzetu mmoja, hatumtaji, aliwapeleka watoto Mombasa wakati wa Krismasi kwa pesa ya mkopeshaji wa mtaani. Dhamana ilikuwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Waliporudi walikuwa wamejaa picha na furaha, nasi tulifurahi nao. Kuanzia Januari mshahara ulipoingia, mkopeshaji ndiye aliyekwenda kwenye mashine ya benki, akachukua chake, akamwachia mwenye mshahara mabaki. Februari shule zikafunguliwa. Muhula wa kwanza, kila mzazi anajua, ni karo na madaftari na sare na ufagio na karatasi za chooni, yote kwa pamoja. Mtoto wa kwanza akakaa nyumbani wiki tatu. Huyo mama wa mukene ni jirani yao, aliyaona, ndiyo sababu alisema maneno makali. Tumwelewe.

Na kuna aina nyingine ya safari ya nje ambayo imejaa katika mitaa yetu. Binti anapanda ndege kwenda nchi za Ghuba kufagia nyumba za watu, ndiyo kyeyo. Familia inauza shamba ili aende. Yeye huko anawasindikiza matajiri wake likizo akibeba mtoto wao. Tunapozungumza habari ya nani anakwenda nje na nani analipa, huyu naye asisahauliwe.

Sasa tuseme juu ya wale wanaokwenda kwa pesa yao, bila ya deni. Tukiwatazama vizuri tunaona siri yao ni ndogo na ni ya zamani. Katika Uingereza, sehemu za Lancashire, walikuwapo wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Kila mji ulikuwa na wiki yake moja katika mwaka ambayo viwanda vinafungwa, mashine zinatengenezwa, na mji mzima unapanda treni kwenda pwani, hasa Blackpool. Zamani wiki hiyo haikuwa na mshahara hata senti moja. Waliwezaje? Mwaka mzima, kila wiki, walitoa senti chache katika chama cha akiba cha kiwandani au cha kanisani au cha mtaa. Wiki ya kufunga ikikaribia, daftari linafunguliwa, kila mmoja anachukua chake. Watu hao hawakuwa matajiri. Walikuwa wanasokota nyuzi za pamba, na pamba nyingine ilitoka kwetu Uganda. Baadaye vyama vya wafanyakazi vikadai wiki hiyo ilipwe, na mwaka 1938 Bunge lao likapitisha sheria ya likizo ya malipo.

Katika Ufaransa walitangulia. Mwezi wa Mei na Juni 1936 wafanyakazi waligoma na kukaa ndani ya viwanda, na serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Kisha wakaona kuwa likizo bila nauli ni kukaa mlangoni kutazama barabara, ikatolewa tiketi ya treni iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40. Mwaka huo huo watu wengi sana waliiona bahari mara ya kwanza. Kwa hiyo likizo ya mfanyakazi wa Ulaya, ambayo leo tunaiona kama desturi yake tangu kuzaliwa, ilitoka katika mgomo na katika daftari la akiba.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni kabisa. Wazee wa reli wanatusimulia kwamba wakati wa Jumuiya ya kwanza, kabla haijavunjika mwaka 1977, mtumishi wa reli akienda likizo alipewa pasi ya kupanda treni na familia yake. Alitoka Kampala akashuka Mombasa. Kiswahili chao wengi walikiongezea huko. Leo watoto wao wanashangaa kusikia kuwa baba aliyekuwa fundi wa kawaida aliwahi kulala Mombasa bila kukopa.

Tuje kwenye haki zetu, maana pesa ya safari inaanza na siku za safari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi anapata siku 7 za likizo na malipo kamili kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo. Kwa mwaka ni siku 21. Anayehusika ni yule aliyetimiza miezi 6 kwa tajiri wake na anayefanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inasema mapatano yoyote ya kuuza au kuacha likizo hiyo ni bure, hata kama umelipwa. Lakini wangapi kati yetu wamesaini karatasi kwamba "nimekubali kufanya kazi nilipwe"? Tunajua ni kwa nini mnasaini. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa mpaka leo. Muswada wa kukibadilisha ulipita Bungeni mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Shilingi 6,000 siku hizi si mshahara wa kitu chochote. Mtu aliyebanwa namna hiyo atauza likizo yake, atauza na Jumapili yake.

Wengine wanatuambia: sisi ni vibarua, likizo haituhusu. Ndugu, kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua asiwekwe kibarua kupita miezi minne. Akifanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi, na ukibarua umekwisha. Kama upo kwenye kiwanda cha samaki mwaka wa pili na bado unaitwa kibarua, njoo ofisini utuone.

Na tafadhali, omba likizo kwa maandishi. Tumewaona wenzetu wakifika Mahakama ya Kazi wakidai likizo za miaka mitano, wanaulizwa: uliomba lini, nani alikukatalia? Hawana karatasi. Andika barua, hata kwa mkono, peleka, baki na nakala yenye tarehe.

Kuna jambo moja zaidi la pesa, nalo linatuhusu sana sisi tulio katika miaka ya arobaini. Tangu sheria ya NSSF ilipobadilishwa mwaka 2022, mtu aliyefikia miaka 45 na ameweka akiba miaka 10 anaweza kutoa asilimia 20 ya akiba yake. Tumeanza kuwasikia watu wakiipigia hesabu pesa hii kwa safari na kwa sherehe. Sisi tunasema hapana. Hiyo ni pesa ya mzee, na mzee huyo ni wewe. Kama ni kumalizia nyumba, sawa, tutajadiliana. Safari itafutiwe mfuko wake.

Mfuko huo tunapendekeza uwe hivi. Wanawake wa hapa wana nigiina, Wakenya wana chama, Watanzania wana upatu, hakuna anayehitaji kufundishwa. Tawi lifungue kikundi cha akiba ya likizo peke yake, kisichanganywe na kile cha mikopo wala kile cha mazishi. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu ambao si ndugu. Anayeweza kutoa shilingi 10,000 kwa wiki, wiki 50 ni 500,000. Mume na mke wakitoa wote ni milioni moja. Anayeweza 5,000 atoe 5,000, ataweza kwenda mwaka wa pili. Asiyeweza asiaibishwe. Na mtu akipatwa na ugonjwa katikati ya mwaka arudishiwe chake bila maneno.

Safari yenyewe isiwe Desemba. Desemba mabasi yanapandisha nauli, na Februari inakungoja na mdomo wazi. Tunaona bora likizo ya shule baada ya muhula wa pili, Agosti kwenda Septemba. Mvua za masika za pwani zinakuwa zimekwisha. Pasipoti ni shilingi 250,000 kwa kila mtu, familia ya watu watano ni 1,250,000 kabla hujanunua hata chapati. Lakini kwa kwenda Kenya si lazima. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa watoto ambao hawajapata kitambulisho, ofisi ya uhamiaji iulizwe mapema juu ya karatasi zao, kusiwe na kilio Busia usiku. Kutoka Nairobi kuna treni ya Mombasa, ambayo tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya. Huko pwani vitu vizuri vingi havina mlango wa kulipia. Ufuko wa umma ni bure, kivuko cha Likoni mtembea kwa miguu halipi. Fort Jesus, ile ngome ya Wareno ya mwaka 1593, inalipiwa, na tunadhani inafaa kulipiwa ili watoto wajue nani alitangulia kutunyonya.

Wengi wetu hapa Ggaba tuna mashemeji Siaya, Bukoba, Goma. Kwenda kwao ni kwenda nje pia, na kulala ni bure. Anayependa hivyo afanye hivyo. Lakini tusidanganyane, ukienda kwa shemeji huendi likizo, unakwenda kusalimia, utarudi na mifuko ya watu na kuku miguuni.

Kuhusu mama wetu wa mukene, tulikwenda kwake jioni baada ya mkutano. Alituuliza neno ambalo sisi wanaume wa kamati hatukuwa tumelifikiria. Yeye hana tajiri, hana siku 21, hana barua ya kuandika. Akiondoka wiki moja nani atageuza mukene mvua ikinyesha, na wateja wake watamngoja? Hatukuwa na jibu siku hiyo. Sasa tunalo nusu. Wanawake wa mwalo wanaweza kupeana zamu, kumi wakienda mwaka huu wengine wanashika meza zao na kuandika mauzo daftarini, mwaka ujao wanabadilishana. Hesabu ya zamu hiyo ni ngumu kuliko hesabu ya nauli, na inataka uaminifu. Yeye alisema atalifikiria, kisha akatuuliza kama ni kweli kwamba maji ya bahari hayanyweki, na samaki wanaishije humo.

Mkutano wa tawi utafanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, mahali petu pa kawaida nyuma ya soko. Kijana wa hoteli ataleta bei za mabasi, maana zinabadilika kila mara. Wanaotaka kuandikishwa waje na shilingi 10,000 za kwanza, na waume waje na wake zao.