Lenzi makro: wapiga picha wa Likasi, chagueni fupi

LIKASI – Vijana wengi wanaofanya kazi ya picha katika mji wetu, huko Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji, wana kamera ya dijitali inayofaa kabisa. Lenzi ndiyo moja tu, ile ya 18-55 iliyokuja na kamera ndani ya katoni. Wakipata makuta kidogo, wanaanza kuulizana: lenzi ya pili iwe gani? Wengine wameona kwenye intaneti picha za jicho la nzi au bawa la kipepeo, na sasa wanaitafuta makro ya milimita 100.

Maoni yangu, wandugu, ni haya: nunueni makro, lakini nunueni ile fupi, ya milimita 35, 40 au 60. Mimi siangalii vipepeo. Ninaangalia karatasi za familia, na zaidi za familia zilizokimbia makwao.

Hapa kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo hutumika kama kitambulisho kwa watu wengi. Kadi nyingi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023 zilianza kufutika maandishi hata kabla ya siku ya kura, mpaka CENI ikatoa duplikata. Mtoto naye, sheria inasema azaliwapo atangazwe kwa ofisi ya serikali ndani ya siku 90. Zikipita, mzazi lazima apitie tribinali kutafuta ile hukumu tunayoiita jugement supplétif. Sasa fikiri mama aliyetoka mbio usiku, karatasi zimefungwa katika kitenge, mvua imezinyeshea njiani. Cheti cha kuzaliwa kimebaki na muhuri nusu. Picha moja ya marehemu mumewe, ndogo kama kidole gumba, imeanza kuchubuka. Mama huyo hahitaji picha ya nzi. Anahitaji mtu wa kumpigia nakala safi leo, kabla karatasi haijaoza.

Wazee wa Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa, zikakaa kwenye gare yetu zikingoja treni. Baadaye vita vya Mai-Mai pande za Mitwaba, Pweto na Manono vilitawanya watu wengine wengi ndani ya Katanga. Kila mara watu wanapokimbia, karatasi hupotea kwa wingi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu bila karatasi, mbele ya ofisi, anateseka vilevile.

Sasa tuingie kwenye lenzi yenyewe. Lenzi makro ni lenzi inayoweza kukikaribia kitu sana, mpaka kitu hicho kikachorwa juu ya sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi. Kitu cha sentimita moja kinachukua sentimita moja juu ya sensa. Ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye mdomo wa lenzi ndiyo urefu wa fokasi. Namba ikiwa ndogo, lenzi ni fupi: inaona eneo pana, na wewe unakaa karibu. Namba ikiwa kubwa, lenzi ni ndefu: inaona eneo jembamba, na wewe lazima usogee nyuma.

Hapo ndipo hesabu inapoamua. Chukua karatasi ya kawaida ya A4, sentimita 21 kwa 29.7, uilaze mezani. Kamera nyingi tulizo nazo hapa, Nikon za D3000 na D5000 na Canon za bei ya chini, zina sensa ndogo ya aina ya APS-C. Kwa kamera kama hizo, ili karatasi yote iingie ndani ya picha, lenzi ya 35 au 40 inataka kamera iwe juu ya karatasi kwa sentimita 60 hivi. Lenzi ya 60 inataka karibu mita moja. Lenzi ya 100 inataka mita moja na sentimita 60. Meza ina kimo cha sentimita 75. Jumlisha: ukiwa na lenzi ya 100, kamera itakuwa zaidi ya mita 2.3 kutoka chini, karibu na bati la nyumba. Utapanda kiti, utatikisika, na picha itatikisika nawe. Ukiilaza karatasi chini sakafuni, utakuta vumbi na kivuli chako mwenyewe. Lakini ukiwa na lenzi ya 40, unasimama wima mbele ya meza, kamera ikiwa juu ya kifua chako, na mwenye karatasi amekaa pembeni anaona kila unachofanya na mali yake.

Mwenye kamera ya sensa kubwa, ile inayoitwa fulu fremu, atapata umbali kama huo kwa lenzi ya 50 au 60.

Wengine watanijibu: kwani ile 18-55 haitoshi? Haki yao kuuliza. Inaweza kupiga karatasi ya A4 na hata kadi. Lakini ukiitazama picha vizuri, mistari ya pembeni imepinda, na herufi za kwenye kona zimelainika kama zimelowa. Lenzi makro hutengenezwa ili kitu bapa kionekane kikali katikati na pembeni sawasawa. Zaidi ya hapo, ukitaka kusoma namba iliyofifia ndani ya muhuri, 18-55 inakataa kukaribia. Makro inaendelea kusogea. Kamera ya megapikseli 24 ina nukta 4,000 kwa upande wake mfupi. Ukigawa kwa upana wa A4, kila milimita ya karatasi inapata nukta 19. Hata mkwaruzo wa kalamu unaonekana.

Na simu je? Asiye na kingine atumie simu, ni afadhali kuliko kukosa. Ila simu huona kwa upana mno: ukikaribia, kona zinavutika. Tena programu yake hukoleza herufi yenyewe, na herufi iliyofutika nusu inaweza kutokea ikiwa tofauti na ilivyo. Kwa picha ya arusi hakuna neno. Kwa namba ya cheti, ni hatari. Skana nayo ni nzuri, lakini inataka umeme, na sote tunajua umeme wa mtaani unavyokatika. Tena kitabu kinene au picha iliyogandamana na fremu yake haikubali kubanwa kwenye kioo.

Lenzi fupi ina ubaya wake, na mnunuzi lazima aujue. Ukienda mpaka ukubwa halisi, yaani moja kwa moja, lenzi inakaribia kugusa kitu. Canon EF-S 35 inabakiza sentimita 3 hivi kati ya mdomo wake na kitu. Nikon 40 inabakiza kidogo zaidi ya hapo. Mwanga unaingilia wapi? Kivuli cha lenzi chenyewe kinafunika kazi. Canon EF-S 60 inabakiza karibu sentimita 9, na ile ya 100 karibu 15. Kwa hiyo anayepiga wadudu, au chembe ndogo za madini, lenzi ndefu inamfaa kweli. Lakini karatasi na kadi hazihitaji kufika huko. Kwa kadi yenye ukubwa wa kadi ya benki, lenzi ya 40 itakuachia karibu sentimita 10 mbele yake, na mwanga wa dirishani unapita bila shida.

Basi ununue ipi? Mwenye Nikon yenye sensa ndogo, ushauri wangu ni AF-S DX Micro 40 mm f/2.8. Ina mota yake ndani, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu Nikon za D3000 na D5000 hazina mota ndani ya kamera. Ukiuziwa lenzi ya zamani ya 60 yenye herufi D, kwenye kamera hizo itabidi uzungushe fokasi kwa mkono. Kwa karatasi isiyotembea, hilo nalo si baya, ikiwa bei inakubalika. Mwenye Canon yenye sensa ndogo ana mbili: EF-S 35 na EF-S 60. Kama kazi yako ni karatasi za A4, chukua 35. Kama ni kadi na picha ndogo za pasipoti, 60 inakupa nafasi zaidi ya mwanga. Ile 35 ina vitaa viwili mdomoni; vinasaidia kwenye jiwe, lakini kwenye kadi iliyofungwa plastiki vizime, vitang'aa usoni mwa kadi. Na mjue kwamba lenzi za EF-S haziingii kwenye Canon za fulu fremu.

Ukinunua ya mtumba, iwe Lubumbashi au kwa mtu anayeleta mizigo, itazame mbele ya taa kabla ya kutoa dola. Ukiona nyuzinyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na majira yetu ya mvua yataizidisha. Fungua na funga tundu la ndani; likikwama au likiwa na mafuta, rudisha. Mkwaruzo mdogo mbele usikutishe sana.

Lenzi peke yake haifanyi kazi. Weka kamera juu ya miguu yake, mdomo ukitazama chini. Laza kioo kidogo cha kujitazamia pale karatasi itakapokaa. Ukiona mdomo wa lenzi katikati kabisa ya picha, basi kamera imenyooka. Ondoa kioo, weka karatasi. Zima flashi. Tumia mwanga wa dirisha kutoka upande mmoja na kitambaa cheupe upande wa pili, au taa mbili zilizoinama sawa kushoto na kulia. Tundu liwe f/8. Ukifunga mpaka f/22 picha inapoteza ukali. Tumia kihesabu cha sekunde ili kidole kisitikise kamera. Piga mbele na nyuma. Ikiwa muhuri ni ule wa kukandamizwa usio na wino, washa taa moja tu ikiwa chini pembeni: vivuli vitauandika upya.

Watu wa madini pia hawatajuta. Udongo wetu umelipa jiwe moja jina la mji huu, likasite, lililoelezwa na wataalamu mwaka 1955. Malakiti ya kijani inayouzwa kando ya barabara, ukubwa wa ngumi, lenzi ya 40 inaipiga vizuri mezani. Kijana anayeuza mawe kwa wageni atauza kwa picha nzuri zaidi.

Lakini narudi kwenye karatasi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipiga picha za viwanda vyake na wafanyakazi wake, na picha hizo zikatunzwa. Karibu miaka mia baadaye, Sammy Baloji wa Lubumbashi aliweza kuzichukua picha za enzi za wakoloni na kuziunganisha na magofu ya leo ya Gécamines, na dunia ikatazama. Aliweza kwa sababu picha zilikuwepo. Kumbukumbu za kampuni zilipata kabati. Za familia zetu zilipata mfuko wa plastiki. Ndiyo maana nasema lenzi hii si anasa ya mpiga picha.

Kuna sharti moja. Karatasi ya mtu ni siri yake. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp, usiiweke dirishani kwa studio kama tangazo. Mpe mwenyewe nakala kwenye kadi ya kumbukumbu au simu yake, na nyingine kwa ndugu anayemwamini aliye mji mwingine, kisha futa yako mbele yake. Na umwambie ukweli: nakala hii haichukui nafasi ya hati. Inabeba namba, tarehe na jina la ofisi iliyoitoa. Kwa hizo tatu, kuomba duplikata kunakuwa na mahali pa kuanzia.

Si kila studio itaweza kununua peke yake. Studio tatu za mtaa mmoja zinaweza kuchangia lenzi moja. Parokia, kanisa au shirika la akina mama linaweza kununua moja na kumwita mpiga picha siku moja kwa juma, kwa bei ndogo, na bure kwa waliokimbia. Kwa upande wenu, familia mnaotusikiliza, msingoje mpaka maandishi yafutike kabisa. Mvua zikikaribia, fungueni kile kitenge, hesabuni karatasi zilizobaki, na mzipeleke kwa mpiga picha wa mtaa wenu.