Msinibadilishie lugha jamani

Wadau, samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Nipo mzima, ni kazi tu zimebana, na huku mlimani Sha Tin kupanda ngazi peke yake ni somo.

Wengi mnaniuliza, sasa wewe unasomaje kwenye chuo cha Wachina? Ni hivi: Chinese University of Hong Kong inafundisha kwa lugha mbili, Kichina na Kiingereza, na mgeni kama mimi anachagua masomo ya Kiingereza. Mihadhara haina shida. Shida iko kwenye semina.

Kwenye kikundi chetu tuko sita. Wiki iliyopita nilichelewa, nikakuta mlango wazi na wenzangu wanabishana kwa Kikantoni kuhusu nidhamu na adhabu shuleni, mikono hewani, mmoja kasimama kabisa. Nikaingia, nikaomba radhi. Wote wakahamia Kiingereza kwa ajili yangu... na mjadala ukafa palepale! Yule aliyesimama akakaa, akasoma sentensi mbili kutoka kwenye daftari lake, akanyamaza mpaka mwisho.

Ule unyamavu naujua. Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Nikafika Kidato cha Kwanza, mambo yale yale ya mbegu na mizizi, sasa kwa Kiingereza, nikawa bubu. Walimu wakadhani sijui kitu. Leo anayewafanya wenzake mabubu ni mimi.

Na hapa kwao si jambo dogo. University of Hong Kong, iliyoanzishwa 1911, ilifundisha kwa Kiingereza, hivyo waliotoka sekondari za Kichina njia yao ilikuwa nyembamba. Mwaka 1963 vyuo vitatu vikaunganishwa kikazaliwa hiki, na utangulizi wa sheria yake ukaandikwa kwamba lugha kuu ya kufundishia itakuwa Kichina. Hata jina lake kwa Kichina linasomeka chuo kikuu cha lugha ya Kichina, sio cha Wachina! Miaka ya 2000 chuo kilipotaka wageni zaidi, Kiingereza kikaongezwa madarasani, na mwaka 2007 mwanafunzi mmoja akaenda mahakamani kupinga. Alishindwa. Mahakama ilisema maneno ya utangulizi hayakilazimishi chuo. Kisheria sawa, lakini kwa mtu anayesomea ualimu kama mimi, jamaa alikuwa na hoja.

Najua mtasema Kiingereza ndio ajira, na wenyewe wanakitaka. Kweli kabisa. Wala sisemi kiondolewe, ningekuwa wa kwanza kurudi uwanja wa ndege. Ninachosema ni kwamba kukisoma Kiingereza ni kitu kimoja, kukitumia kufikiria jambo gumu kwa mara ya kwanza mbele ya watu ni kingine.

Halafu "Kichina" chenyewe si kimoja. Wenyeji wanaongea Kikantoni, lakini wanachoandika shuleni kinafuata zaidi Kimandarini. Kwenye kikundi chetu kuna binti wa Beijing, naye Kikantoni anakipata nusu nusu. Kwa hiyo siyo mgeni mmoja tu anayeachwa njiani.

Jumatatu nikawaomba: bishaneni kwa lugha yenu, dakika kumi za mwisho mnieleze kwa Kiingereza. Wakatazamana, yule binti akasema atajaribu, wakaanza. Yaani kelele! Mi nimekaa kama mtalii, vichekesho vyote vimenipita. Mwisho aliyenieleza ni yule yule bubu wa wiki iliyopita, akichora mishale kwenye karatasi. Nilipata kama theluthi ya yaliyosemwa, ila ilikuwa theluthi ya kitu cha maana.

Mhadhiri bado hajajua mpango wetu, nitamwambia kesho, na akikataa nitamwelewa. Nyie mlioko vyuo vya nje, semina zenu mnaziendeshaje? Ngoja niwahi kantini kabla hawajafunga.